Likizo Kasikeu: Furahieni, Lakini Vaeni Viatu

Desemba ikifika wengi wetu tunaoishi Nairobi na Mombasa huteremka Sultan Hamud, tukashika njia ya Kasikeu kuwaona wazee. Watoto huchuma maembe, hufukua maji kwenye mchanga wa mto, na usiku huketi uani na nyanya yao wakisikiliza hadithi. Furaha hiyo ni afya. Usiwanyime.

Lakini mvua za Novemba hukuza nyasi, na kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hana desturi ya kukimbia. Hulala tuli njiani mpaka akanyagwe. Kwa hivyo mtoto avae viatu vinavyofunika mguu, na usiku ashike tochi.

Akiumwa, usimchanje, usinyonye jeraha, wala usimfunge kamba, utazidisha madhara. Mlaze atulie, mvue viatu na bangili kabla hajavimba, kisha mkimbize hospitalini. Swila akimtemea sumu machoni, mwoshe papo hapo kwa maji mengi safi, halafu aonwe na daktari.

Basi ukifika nyumbani, kabla ya kufungua mizigo, uliza jambo moja: ni nani hapa kijijini mwenye gari usiku? Ukishapata jibu, waache watoto wacheze.