Mwanao ana ulemavu? Usiufiche kwenye fomu

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu za wazazi hujaa ujumbe wa kusambazwa: mikopo imefunguliwa, ufadhili wa nje huu hapa, nafasi za mafunzo kazini mwisho Ijumaa. Kwa mzazi mwenye mtoto asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino au anayetumia kitimwendo, ndani ya fomu hizo kuna swali moja linalomkalisha muda mrefu kuliko mengine yote. Je, mwombaji ana ulemavu?

Wapo wengi wanaojaza "hapana". Anayejaza hivyo mara nyingi si mwongo, ni mtu mwenye hofu. Ameshaona mtoto akikataliwa shule, akipitwa na daladala, akiulizwa kwa mshangao "huyu naye anasoma?" Anaona heri apite kimyakimya kwanza, mengine yatajulikana hukohuko mbele. Wengine hawajawahi kabisa kuuita ulemavu. Mtoto anayesikia kwa sikio moja nyumbani huitwa mzito wa kusikia, na mwenye uoni hafifu huambiwa tu akae dawati la mbele.

Mitaani hofu hiyo ina msingi. Kwenye mikopo, ufadhili na hata ajira za Serikali, jibu hilo hufanya kazi kinyume na mzazi anavyodhani: linamsogeza mtoto mbele, na likikosekana anapangwa kwenye foleni moja na kila mtu.

Tuanze na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maana ndiko wanakopita wengi. Bodi hupanga waombaji kwa kuangalia uhitaji. Ulemavu wa mwombaji mwenyewe ni moja ya vigezo, na ulemavu wa mzazi ni kigezo pia, jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Baba aliyekatwa mguu baada ya ajali, mama asiyeona, hao wanahesabika, hata kama mtoto anayeomba ni mzima. Lakini hakihesabiki kitu ambacho hakina karatasi. Bodi inataka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi, wala picha ya mtoto akiwa na magongo.

Hapo ndipo nafasi nyingi zinapopotea. Mwaka 2024 dirisha la maombi lilifunguliwa Juni 1 na kupangwa kufungwa Agosti 31. Ukisema utasubiri matokeo, yanatoka Julai. Inabaki miezi miwili au chini ya hapo, na ndani yake unatakiwa kupata uthibitisho wa mganga, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA (kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii), kupata saini na mihuri ya serikali ya mtaa, na kurekebisha jina ambalo kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa Athumani na kwenye cheti cha kidato cha nne ni Othman. Anayeishi jirani na hospitali ya wilaya ataweza. Anayetoka kijiji chenye basi moja la alfajiri, huku akimsindikiza kijana asiyetembea, atakwenda mara ya kwanza akute mganga yuko kwenye kikao, mara ya pili aambiwe alete kumbukumbu za matibabu za zamani, na mara ya tatu nauli imekwisha.

Ndiyo maana uthibitisho wa ulemavu usisubiri chuo. Ulemavu wa kudumu hauhitaji kungoja matokeo. Mtoto akiwa bado kidato cha tatu, mpeleke akapimwe, kumbukumbu zikae faili moja nyumbani: cheti cha kliniki, ripoti ya macho au masikio, karatasi za upasuaji kama upo. Wakati wa kuomba ukifika, mganga anajaza fomu ya mwaka huo akiwa na kitu mkononi. Faida ni mbili, kwa sababu shule nayo ikiwa na taarifa hizo mapema, inaweza kuziwasilisha Baraza la Mitihani ili mtahiniwa asiyeona apate mtihani wa nukta nundu, mwenye uoni hafifu apate maandishi makubwa, na wanaostahili muda wa ziada waupate. Kufaulu ndiko kunakoleta huo ufadhili tunaouzungumzia.

Kuna jambo la umri pia. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imeweka ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji. Kwa mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka saba, huo ni umri wa mbali. Kwa kijana aliyefichwa ndani hadi miaka 13, akarudia madarasa kwa kukosa mwalimu wa lugha ya alama, akakaa nyumbani miaka kadhaa akiuguza mguu, si mbali hata kidogo.

Mzazi aelewe vilevile kuwa fedha hiyo ni mkopo. Hata mwenye ulemavu akipata, atalipa, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ufadhili ni kitu kingine, haurudishwi. Ruzuku nayo ni kitu kingine. Matangazo mengi yanayozunguka kwenye simu huchanganya maneno haya matatu, na kijana hujikuta amesaini asichokijua. Kabla ya kujaza, ulizeni: hii inarudishwa au hairudishwi?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo familia huumia baada ya kushangilia.

Tumezoea kuona elimu ni ada. Lakini ada ya shule za msingi na sekondari za Serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka wa fedha 2022/23, na bado watoto wenye ulemavu wanabaki nyumbani. Gharama yao kubwa iko nje ya ada. Chukua kijana asiyeona anayetoka Kigoma kwenda chuo Dodoma. Mwenzake anahitaji begi na nauli. Yeye anahitaji mtu wa kumfikisha na kumwonyesha mazingira wiki za kwanza, fimbo nyeupe, simu au kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, kifaa cha kurekodia mihadhara, na mara nyingine mtu wa kumsomea vitabu ambavyo havipo kwa nukta nundu. Kiziwi anahitaji mkalimani. Mwenye ualbino anahitaji losheni ya kukinga jua kila siku, kofia, na miwani. Anayetumia kitimwendo hawezi kupanga chumba cha bei nafuu juu ya ngazi, au kule barabara inakogeuka tope ikinyesha, hivyo hata nyumba ya kupanga kwake ni ghali zaidi. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi, ambayo ilipandishwa hadi Sh10,000 kwa siku mwaka 2022, haikupangwa kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mfadhili yeyote lisiishie "mnalipa ada?" Uliza nani analipia msindikizaji. Nani analipia kifaa, na kikiharibika katikati ya mwaka? Mabweni yana vyoo anavyoweza kuingia? Wafadhili wa nje wanalijua swali hili kuliko tunavyodhani. Tume ya Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, inayosomesha watu Uingereza, ina msaada wa ziada kwa ajili ya gharama zinazotokana na ulemavu. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nayo ina nyongeza kwa mwanafunzi mwenye mahitaji ya namna hiyo. Ufadhili wa Mastercard Foundation, unaopitia vyuo kama Makerere cha Uganda na Ashesi cha Ghana, unawapa kipaumbele vijana wenye ulemavu. Lakini nyongeza hizo hutolewa kwa aliyesema. Aliyejaza "hapana" mwezi wa Oktoba hawezi kufika Septemba inayofuata akaomba mkalimani, au akiomba ataanza kujieleza kwanza.

Kwa vyuo vya hapa nyumbani, usimalize udahili bila kupiga simu au kufika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina utaratibu wa kuhudumia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Vyuo vingine vina mhadhiri mmoja tu mwenye moyo, na akihamishwa, huduma imehama naye. Ni heri kujua hilo kabla ya kuthibitisha nafasi.

Si kila mtoto atakwenda chuo kikuu, na sioni kwa nini iwe aibu. Serikali ina vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, kikiwemo cha Yombo jijini Dar es Salaam, vinavyofundisha fani kama ushonaji na useremala, na mafunzo hugharamiwa na Serikali. Nafasi hutangazwa na ofisi inayosimamia masuala ya watu wenye ulemavu. Tangazo haliwezi kufika kila kitongoji, ndiyo maana jina la mtoto liwe kwenye orodha ya afisa ustawi wa jamii wa kata yenu. Huyo ndiye huulizwa "una nani?" nafasi zinapokuja. Chama cha walemavu cha wilaya nacho kina kazi hiyohiyo: CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Wasioona, Chama cha Watu Wenye Ualbino. Mara nyingi taarifa za ufadhili hupita kwenye makundi yao ya WhatsApp kabla hazijafika gazetini, na nasema hivyo nikiwa mtu wa gazeti.

Baada ya masomo inakuja kazi, na swali lilelile linarudi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake ni hadithi ndefu, na ukizunguka ofisi za mjini utajionea. Hata hivyo sheria ipo, na soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: huwahamasisha waombaji wenye ulemavu kuomba, na huwataka waainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Kijana aliyefundishwa na familia kuficha, hapo ataficha tena.

Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi mahali popote, mlango mzuri zaidi ni mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, yanayoratibiwa na ofisi ya huduma za ajira, TaESA. Mhitimu hupelekwa kwenye taasisi au kampuni kwa muda, ajifunze kazi. Kwa kijana mwenye ulemavu, miezi hiyo ina thamani ya pekee. Mwajiri aliyekuwa akijiuliza "atawezaje?" anaona kwa macho yake namna anavyoweza, na kijana naye anajua anahitaji nini ili afanye kazi: meza ya kimo fulani, programu ya kusoma kwa sauti, au ruhusa ya kuingia saa moja baadaye foleni ya daladala ikipungua.

Anayetaka kujiajiri akumbuke mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nisisahau matapeli. Wanajua mzazi wa mtoto mwenye ulemavu amechoka na ana haraka. Atakayekupigia akidai "kukuingizia jina" kwa Sh50,000 kwenye namba yake ya simu ni mwizi. Malipo halali ya Serikali hupita kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na wafadhili wakubwa wa nje niliowataja hawatozi ada ya kuomba ufadhili wao.

Halafu ile barua ya maombi. Waombaji wengi hufundishwa na nyumbani, au na shule, kuandika kwa machozi: mimi ni mlemavu, nimeteseka, naomba mnionee huruma. Msomaji wa barua hizo anazo mamia za namna hiyo mezani. Ulemavu una sehemu yake kwenye fomu, na karatasi ya mganga inausema vizuri. Barua iachiwe kijana aseme anataka kusoma nini, amefanya nini mpaka sasa, atakifanyia nini anachokiomba. Na aiandike mwenyewe, kwa nukta nundu, kwa kuitamka kwenye simu, kwa mkono wa kushoto, vyovyote anavyoandika. Usimwandikie. Siku ya usaili ataulizwa kilichomo, na wewe hutakuwa ndani ya chumba.

Likizo ya Desemba kwa wengi ndiyo nafasi ya kumpeleka hospitali ya wilaya bila kumkosesha darasa. Piga simu kwanza uulize siku ambazo daktari wa macho, masikio au mifupa yupo, kwa sababu baadhi ya wilaya hupata bingwa kwa zamu tu. Nenda na cheti cha kuzaliwa na picha ndogo mbili za mtoto, na ukipewa ripoti yenye mhuri, itoe nakala na uipige picha kabla hujatoka getini.