Tabibu Asiyechuma Jani

Sisi tunaouza dawa za miti shamba kazi yetu huanzia kwenye jembe na kisu: tunachimba mizizi, tunabandua magome, tunachuma majani. Mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Theravada, kama wale wa Sri Lanka, haruhusiwi hata moja kati ya hayo. Kanuni zake, ziitwazo Vinaya, zinamkataza kuchimba ardhi na kuharibu mmea ulio hai. Na bado Sri Lanka ina watawa matabibu, wajuzi wa tiba ya jadi iitwayo Ayurveda.

Anayechuma ni muumini wa kawaida, kisha humkabidhi mtawa dawa mkononi. Mtawa hamwambii "kata ule"; humwonyesha tu mti, naye muumini akaelewa.

Muda nao una hesabu yake. Samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru ni dawa ambazo mtawa mgonjwa anaweza kuzitumia hata baada ya adhuhuri, saa ambazo chakula kimeshakatazwa, ila haziwekwi kupita siku 7. Manjano, tangawizi na pilipili manga akishazipokea anaweza kukaa nazo maisha yake yote, mradi awe na ugonjwa ndipo azitumie. Tangawizi hii hii tunayotia kwenye chai bila kufikiri, yeye lazima awe na sababu! Nazipenda sana kanuni hizi, kwa kuwa zinamzuia mtu kula kwa kisingizio cha dawa.

Ugumu uko kwenye swali la nani atibiwe. Kwa kanuni, mtawa huwatibu watawa wenzake, wazazi wake na ndugu zake; kuufanya utabibu kuwa njia ya riziki ni mwiko. Maandiko yao yanasimulia habari za Jivaka, tabibu wa Mfalme Bimbisara, aliyewatibu pia watawa. Watu wakawa wanaingia utawani ili watibiwe naye, wakipona wanatoka. Ndipo ikaamriwa wenye magonjwa 5, ukoma na kifafa yakiwemo, wasipokelewe tena.

Amri hiyo inaniuma. Naelewa Jivaka alielemewa, lakini wenye kifafa ninaokutana nao mimi wameshafukuzwa kwingi. Kwa hiyo niko pamoja na watawa wanaomtibu mwanakijiji anayebisha hodi, bila kumdai senti. Kanuni ya kutofanya utabibu kuwa riziki ilikusudia kuzuia biashara, na hapo biashara haipo.