Nafsi ya tatu katika «Orlando»: jinsia, sarufi na mvutano wa ndani katika riwaya ya Virginia Woolf

0. Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaosoma fasihi linganishi huipata riwaya ya «Orlando» ya Virginia Woolf (1882-1941) kwa Kiingereza au katika tafsiri ya Kifaransa. Mara nyingi huuliza swali moja: je, mhusika anayelala mwanamume na kuamka mwanamke ni mgonjwa wa nafsi? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mvutano wa ndani katika riwaya hiyo hauko pale unapotafutwa kwa kawaida, na kwamba sarufi ya Kiswahili inaweza kutusaidia kuuona. Tutaeleza kwanza mazingira ya riwaya, kisha mahali pa mvutano, na mwisho tatizo la kuitafsiri.

1. Riwaya na wakati wake

«Orlando» ilichapishwa Oktoba 1928 na Hogarth Press, shirika la uchapishaji la Woolf na mumewe Leonard. Imeandikwa kwa umbo la wasifu. Orlando ni kijana wa kiume katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Anaishi zaidi ya karne tatu, na riwaya inapokwisha, mwaka 1928, ana umri wa miaka 36 tu. Akiwa balozi huko Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, analala siku saba na kuamka mwanamke.

Riwaya imetabarukiwa mwandishi Vita Sackville-West, aliyekuwa mpenzi wa Woolf. Baba yake Vita alifariki Januari 1928. Jumba la Knole, katika jimbo la Kent, ambamo Vita alizaliwa, likamwendea baba yake mdogo, kwa sababu Vita alikuwa mwanamke. Basi suala la jinsia halikuwa mchezo wa mawazo tu: lilikuwa suala la nani arithi nyumba.

Mwaka huo huo Radclyffe Hall alichapisha «The Well of Loneliness». Mhusika wake mkuu, Stephen Gordon, ni msichana aliyepewa jina la kiume kwa kuwa wazazi wake walitazamia mwana wa kiume. Stephen huamini kwamba ameumbwa tofauti na wengine. Maumivu yake yamo mwilini na katika dhamiri. Novemba 1928 mahakama ya London iliamuru nakala za kitabu hicho ziharibiwe. Woolf alikuwa tayari kutoa ushahidi wa kukitetea; lakini katika riwaya yake mwenyewe alikuwa amefuata njia nyingine.

2. Mahali pa mvutano

Orlando anapoamka, hatishiki. Anajitazama katika kioo, kisha anakwenda kuoga. Msimulizi anasisitiza kwamba kumbukumbu zake hazikukatika na kwamba yeye ni yule yule. Mvutano unaanza baadaye, merini, anaporejea Uingereza akiwa amevaa sketi. Baharia mmoja anauona mguu wake na karibu aanguke kutoka mlingotini; Orlando anatambua kwamba tangu sasa atatakiwa kuuficha mguu huo. Huko nyumbani anakuta kesi dhidi yake: anadaiwa kwamba amekufa, hivyo hawezi kumiliki mali, na kwamba ni mwanamke, jambo ambalo mbele ya sheria halina tofauti kubwa na kufa. Katika karne ya 19, kidole chake kinamwasha kwa kukosa pete ya ndoa.

Hata hivyo tusifanye haraka kusema kwamba kila kitu kinatoka nje. Kuhusu mavazi, msimulizi anatoa rai mbili: kwanza kwamba nguo ndizo zinazotuumba; kisha, kinyume chake, kwamba nguo ni ishara tu ya kitu kilichofichika ndani kabisa. Woolf haamui kati yake. Katika «A Room of One's Own» (1929) anarudia wazo hilo kwa namna nyingine, akidai kwamba akili ya mwandishi bora huunganisha upande wa kiume na wa kike.

3. Tatizo la mfasiri

Baada ya badiliko, msimulizi anatumia kwa muda mfupi kiwakilishi cha wingi, kisha anatangaza kwamba, kwa kufuata desturi, ataacha «he» na kutumia «she». Kifaransa kinabanwa zaidi: licha ya «il» na «elle», vivumishi navyo hufuata jinsia.

Kiswahili, kama Lingala na Tshiluba, hakina tofauti hiyo. «Aliamka» ni aliamka. «Yeye» ni yeye. Mfasiri wa Kiswahili anapata bure jambo ambalo Woolf alilazimika kulitetea: mtu yule yule. Lakini anapoteza tangazo la desturi, yaani wakati ule lugha inapomshika mhusika kwa nguvu.

Je, Kiswahili hakishiki mtu kwa jinsia? Kinamshika, ila mahali pengine. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa: kauli ya kutendwa inabeba jinsia ambayo kiwakilishi hakibebi. Kuna «bwana» na «bibi». Na katika matumizi ya Lubumbashi «bibi» ni mke, si nyanya. Tunapendekeza basi kwamba mfasiri auache «yeye» bila maelezo, na aupeleke uzito kwenye vitenzi na majina ya heshima. Orlando aliyekuwa akiitwa Bwana aitwe Bibi pale merini. Na aliyefikiria kuoa aambiwe kwamba sasa ni wakati wa kuolewa. Hapo msomaji wetu atausikia mvutano ule ule.

4. Hitimisho

Katika Kiswahili neno «nafsi» lina maana mbili: utu wa ndani, na nafsi ya kisarufi. Riwaya ya Woolf inahusu hasa umbali uliopo kati ya hizo mbili. Orlando hagombani na utu wake. Anagombana na nafsi ya tatu ambayo wengine, mahakama na desturi humwekea. Jambo hili si geni kwetu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa vitendo vya kisheria, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Tafsiri ya Kiswahili inayopima vizuri «kuoa» na «kuolewa» ingewapa wanafunzi wetu njia ya kulijadili suala hilo kwa lugha yao.