Tulihamia Lubumbashi, tukajifunza muji kwa miguu

Wasomaji wetu wa migodi, neno hili munalijua. Karatasi inatoka kwa mukubwa wa kazi, na kiisha siku chache nyumba nzima iko juu ya gari: vitanda, sufuria, mbabula, na kuku wawili ndani ya kikapo. Sisi karatasi ilitufikia mwezi wa kwanza, katikati ya mvua. Kazi ilitutoa Kolwezi, ikatuleta Lubumbashi. Ni kama kilometa 300 tu. Lakini mwenye kuacha mama yake, kanisa lake na wateja wake, hapimi njia kwa kilometa.

Hapa tunaposema "sisi," ni bwana na bibi. Tuko na miaka 14 ya ndoa na watoto watatu. Watoto tuliwaacha kwa nkambo yao Kolwezi mpaka masomo yafungwe mwezi wa saba, kwani kumukatia mutoto mwaka wa masomo katikati ni kumutesa. Basi tukabaki wawili, sawa vile mwaka wa kwanza wa ndoa, katika vyumba viwili vya kupanga, commune ya Kampemba, ndani ya parsele moja na jamaa zingine ine.

Njiani tulipita daraja la Lualaba, tukapita Fungurume na Likasi, mbele na nyuma yetu malori ya shaba na kobalti yakishuka kuelekea Kasumbalesa. Bwana alikuwa akihesabu malori. Bibi alikuwa kimya.

Mwenye kazi na mwenye ukuta

Mutu wa mine akihamishwa, kazi yake inahama naye. Asubuhi anavaa kofia yake, anakuta wenzake, wanamuuliza habari za kule, mara moja ana marafiki. Siku ya mushahara wanamuita kunywa Simba moja. Lakini bibi yake? Bibi wetu alikuwa anauzisha samaki wa ziwa la Nzilo kule Kolwezi. Kila asubuhi watu walikuwa wanamuita kwa jina la mutoto wetu wa kwanza. Hapa hakuna aliyemuita. Bwana anatoka saa kumi na moja ya asubuhi, anarudi magaribi. Mwisho wa mwezi wa pili bibi akasema:

"Baba, weye uko na kazi. Mi niko na ukuta tu. Hapa kuko batu mingi, lakini hakuna mutu. Watoto wasikuje. Masomo ikifungwa, mi nitarudia kwetu."

Bwana hakujibu usiku ule. Wenye kuishi katika kambi za wafanyakazi wanajua neno hili maana yake nini. Nyumba mbili kwa mushahara moja: bukari hapa, bukari kule, feza ya kupanga hapa, feza ya masomo kule, na safari kila mwisho wa mwezi. Kiisha, bwana aliye peke yake hakosi watu wa kumupikia, na hapo ndipo biro ya pili inapofunguka. Tumeona jamaa nyingi zikikufa kwa njia hiyo, bila vita, bila matusi, kidogo kidogo.

Kesho yake tulikaa chini tukapatana. Mpaka mwezi wa saba, kila siku ya mapumziko tutatoka pamoja, wawili, kwenda pahali pamoja ambapo hakuna kati yetu anayepajua. Tutachukua feza ya basi ndogo, maji na karanga. Hatutaingia mu bar. Mwezi wa saba tutaamua: ao watoto wanakuja hapa, ao mama anarudia kule. Tulipiga hesabu, tukaona feza ya chupa mbili za bia inatosha kutembeza watu wawili siku nzima.

Kilima na misalaba

Siku ya kwanza tulianza katikati ya muji. Tulishuka pa Place de la Poste, tukaenda kwa miguu mpaka kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lile la matofali mekundu, kiisha tukatafuta njia ya kuona vizuri ile cheminée ndefu inayoonekana kutoka pande nyingi za Lubumbashi. Pembeni yake kuko kilima cheusi, terril. Muji ulianzishwa mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru za Union Minière zilitoa shaba ya kwanza, kwa mawe yaliyochimbwa pa mine ya Étoile, ile wazee wanaita Kalukuluku. Ile kilima si mulima wa Mungu. Ni takataka ya tanuru, iliyomwagwa mwaka kwa mwaka. Na ndani ya takataka kobalti ilibakia, na kisha miaka mingi watu wakaanza kuichota tena na kuisafisha.

Bibi aliitazama sana, akasema: "Kwetu Kolwezi ba-nkambo walituachia shimo. Hapa waliacha kilima. Ni kazi moja." Ilikuwa mara ya kwanza tunamusikia kucheka katika muji huu.

Siku ya pili tulikwenda pa Musée ya Lubumbashi. Tunawaambia ninyi wa mine: muende na watoto wenu, musiwaachie wageni peke yao. Kule tuliona misalaba ya shaba, ile wafaransa wanaita croisettes. Mbele sana Muzungu hajafika, wazee wa inchi hii walikuwa wanayeyusha shaba. Mavuno yakiisha, wakati wa kiangazi, waliokota malakiti, lile jiwe la kijani mulilolizoea, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makala, wakavuta mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikatiririka. Waliimwaga katika kalibu ya musalaba. Misalaba ile ilikuwa feza yao. Walinunua nayo, waliolea nayo, na hata maiti walizikwa nayo: pa Sanga, karibu na ziwa la Kisale, waliochimbua makaburi ya zamani waliikuta misalaba midogo pamoja na mifupa.

Bwana akasema: "Mushahara wa zamani ulikuwa nzito kubeba." Bibi akamujibu: "Lakini ukiuweka chini ya kitanda, asubuhi unaukuta na bei yake." Wenye kupokea mushahara kwa franka watamusikia vizuri.

Tulitoka pale na neno moja. Sisi tulikuwa tunafikiri kazi ya shaba ililetwa na kampuni. Kumbe kampuni iliikuta. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi tulihama juu ya shaba ile ile ya wazee, na kwa hiyo hatukuwa wageni kabisa.

Siku ya mvua

Si matembezi yote yalikuwa mazuri. Siku moja ya mwezi wa tatu tulikuwa tunakwenda Katuba kusalimia mutu wa kanisa letu. Mvua ilianguka kwa nguvu. Dereva wa basi ndogo aliona maji yamefunika barabara, akasimamisha gari, akasema, "Mwisho wa safari ni hapa." Feza alikwisha kuikamata, na hakurudishia mutu. Tulishuka watu kumi na zaidi, viatu mukononi, suruali imekunjwa mpaka magoti, kila mutu akimutukana yule dereva kwa luga yake.

Pembeni ya njia kulikuwa na mama mumoja anauzisha makala chini ya libati. Alituita: "Mama, ingieni! Mvua haina ndugu." Alimupa bibi kiti kidogo, bwana akasimama. Mvua ilichukua saa moja na nusu, na katika saa ile wanawake wawili walikwisha kuulizana yote: unatoka wapi, uko na watoto wangapi, kwenu mulikuwa munafanya nini.

"Mi nilikuwa nauzisha samaki," bibi alisema.

"Na hapa?"

"Hapa sijui hata samaki inatoka wapi."

Yule mama akacheka. "Inatoka Kasenga, mama yangu. Inafika asubuhi sana. Ukichelewa, unakuta paka vichwa. Kuja soko ya Kenya siku ya kazi, mbele jua halijapanda, uniulize. Nitakuonyesha wenye haki, na wale wenye kuficha samaki ya jana chini ya barafu."

Kwa miezi miwili tulikuwa tumeuliza majirani, hatukupata jibu kama lile. Tulilipata kwa sababu dereva mumoja alitutupa ndani ya matope.

Bibi alikwenda. Mara ya kwanza kuangalia tu. Mara ya pili alinunua beseni moja, na alipata hasara, kwani watu wa parsele yetu wanapenda samaki mukavu kuliko mubichi. Mara ya tatu alileta mukavu. Mwisho wa mwezi wa ine, jirani wawili walikuwa wanabisha mulango mbele bwana hajarudi kazini: "Mama samaki uko?" Alikuwa amepata jina.

Mupira, na amani ya nyumba

Wasomaji wengi watapenda kusikia habari ya mupira. Katika nyumba yetu bwana ni wa Mazembe. Bibi ni mutoto wa mutu wa treni, na Lupopo aliinyonya pamoja na maziwa. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka wa 1939: moja kwa mapadri Wabenedikto, ingine kati ya wafanyakazi wa treni. Kule Kolwezi tulikuwa tunagombana mbele ya radio. Hapa tulisema, twende tuone kwa macho.

Siku timu hizo zinakutana, tulikwenda Kamalondo, katika uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka wa 2011. Bwana alivaa nyeusi na nyeupe. Bibi alificha kitambaa cha bleu na manjano ndani ya saki, na Lupopo ilipopata mupira karibu na goli, alikitoa. Watu waliotuzunguka walitazama kitambaa, wakatazama bwana, wakauliza: "Huyu ni bibi yako ao ni mufungwa wako?" Tulicheka mpaka kule nyumbani. Matokeo hatuandike, juu ya amani ya nyumba.

Mwezi wa saba

Watoto walifika wakati wa baridi na vumbi. Bibi ndiye aliyewapokea pa kituo cha basi, na ndiye aliyewaongoza, akiwaonyesha: hii njia ya Kenya, hii ya Ruashi, hapa musipande gari bila kuuliza bei. Siku ya pili tuliwapeleka pa jardin zoologique. Pale kuko pahali panapoitwa J.A.C.K., palipoanzishwa mwaka wa 2006, ambapo wanalea sokwe waliokamatwa mikononi mwa wauzaji. Wengi walifika wangali wadogo, mama zao wameuawa. Mutoto wetu wa mwisho aliuliza kama wale sokwe walizoea muji. Bibi akamujibu: "Polepole, kama weye."

Hatusemi kila kitu kimenyooka. Maji yanakosa. Feza ya kupanga inapanda. Bibi angali anamufikiri mama yake, na kila mwezi samaki mukavu unapanda gari kwenda Kolwezi. Lakini neno la kurudia kwao halikutajwa tena, na mushahara unakula katika sufuria moja.

Kwa ninyi mutakaopata karatasi, tunawaachia maneno matatu. Kwanza, musihame kwa vyombo tu: muulize bibi anaacha kazi gani, na hapa ataifanyia wapi. Pili, siku ya mapumziko mutoke pamoja, hata kwa miguu, hata bila feza ya soda. Mutu anayekaa ndani ya nyumba hawezi kupenda muji anaousikia tu kwa kelele. Tatu, muongee na watu wa njiani. Mwenye kuuzisha makala anajua muji kuliko mukubwa wa kazi.

Jumapili inayokuja ni zamu ya mutoto wetu wa kwanza kuchagua. Amechagua Kipushi, kama kilometa 30 kutoka hapa, juu anataka kuona mine ambayo watu wanashuka chini ya udongo. Bwana anafurahi. Bibi ameuliza jambo moja tu: kama kule kuko soko.