JE, WAJUA? Mtakatifu somo wa watoto alikuwa mtoto

Je, wajua kwamba Mtakatifu Kizito, somo wa watoto na wa shule za msingi, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipouawa? Alikuwa mtumishi mdogo katika jumba la Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi wa jumba hilo, alimbatiza kwa siri pamoja na wenzake, kwa sababu hakuna padri aliyeweza kuwafikia. Asubuhi wakahukumiwa kifo. Kizito alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, na Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu mwaka 1964.

Kwa mtoto wa Mwanza, huyu ni jirani wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Wamisionari wa Afrika (Mapadri Weupe) waliopeleka dini ya Kikatoliki Buganda mwaka 1879 walivuka ziwa kutoka Kageye, upande wetu huu. Walipoondoka huko mwaka 1882 walirudi kusini, wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kisha mwaka 1885 wakarejea Buganda. Ziwa ni lile lile wanamovua sangara na dagaa wazazi wa wanafunzi wengi.

Na ratiba ya dini ya wiki kwa wanafunzi hao shuleni ikoje? Kuna vipindi vya dini, Misa, mazoezi ya nyimbo, na Ijumaa za Kwaresima Njia ya Msalaba. Kinachopendwa zaidi ni Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Ombi lake la awali lilikuwa dogo kabisa: Salamu Maria moja kila siku, na sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wengine.