Pikipiki ya Doria: Pima Springi Kabla ya Kulaumu Njia

Askari wa doria aendeshaye pikipiki katika barabara za marram na vijia vya porini ana adui wawili. Wa kwanza ni yule aliyetumwa kumfuata. Wa pili ni njia yenyewe: mashimo, mawe, mizizi, na ile migongo midogo iliyojipanga barabarani kama bati la nyumba. Huyu wa pili huwashinda wengi kabla hawajamwona wa kwanza. Mtu hufika mwisho wa safari mikono imekufa ganzi na mgongo wauma, asiweze kuishika bunduki yake barabara. Mara nyingi kosa si la njia wala la dereva. Kosa ni kwamba springi na shokomzoba hazikupimwa kwa uzito wake.

KAZI YA SPRINGI NA KAZI YA MAFUTA

Springi ndiyo ibebayo uzito wa pikipiki na mpandaji. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea na kuhifadhi nguvu, kisha huirudisha. Ingekuwa peke yake, pikipiki ingerukaruka kama mpira. Shokomzoba ndiyo huituliza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na kazi hiyo hugeuza nguvu ya mrusho kuwa joto. Ndiyo sababu shokomzoba huwa ya moto baada ya mwendo mkali.

Zamani gurudumu la nyuma lilikuwa na nafasi ndogo ya kupanda na kushuka, yapata sentimita 10. Mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens, alibuni mtindo wa kutumia shokomzoba moja nyuma badala ya mbili. Kampuni ya Yamaha iliuchukua mtindo huo, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akautumia kutwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi katika daraja la cc 250. Leo pikipiki za mashindano hayo zina nafasi ya sentimita 30 hivi. Lakini nafasi hiyo haimfai asiyejua kuipima.

KIPIMO CHA KWANZA

Kabla ya yote, hakikisha tairi zina upepo wa kutosha na foki za mbele hazivuji mafuta. Kisha inua pikipiki hata gurudumu la nyuma lisiguse ardhi. Pima kutoka ekseli kwenda juu hadi alama uliyoitia kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 600. Sasa panda, ukiwa na kofia, viatu, silaha na mzigo wote wa doria, mwenzako akiishika pikipiki isianguke. Pima tena. Ukipata 500, imeshuka milimita 100. Kwa pikipiki yenye nafasi ya milimita 300, hicho ndicho kipimo chema, yaani theluthi moja. Yenye nafasi ndogo zaidi nayo ishuke kati ya robo na theluthi ya nafasi yake.

Ikishuka kupita kiasi, kaza ringi ya springi. Ikishuka kidogo mno, ilegeze. Kisha shuka, uipime pikipiki peke yake. Ile yenye nafasi ya milimita 300 yapasa ishuke 30 hadi 40 kwa uzito wake. Ikiwa haishuki kabisa, springi ni dhaifu kwako nawe umeikaza mno. Hapa wengi hudanganyika: kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, huinua tu kimo cha pikipiki. Dawa yake ni springi nyingine yenye nguvu zaidi.

KUBONYEA NA KURUDI

Pikipiki nyingi za njia mbaya zina skrubu mbili: moja hutawala kubonyea, ya pili hutawala kurudi. Anza na ya kurudi. Springi ikirudi upesi mno, sehemu ya nyuma humrusha mpandaji kuelekea usukani. Ikirudi polepole mno, gurudumu huwa halijashuka vema linapokutana na mgongo wa pili, na wa tatu. Pikipiki huzidi kuinama na kuwa ngumu kama gogo. Aonaye barabara ya migongo ikizidi kumpiga kadiri aendavyo, na atazame hapo kwanza.

Kisha angalia kubonyea. Funga uzi mwembamba kwenye bomba la foki, uendeshe katika njia ngumu kama ile ya kazi, halafu utazame uzi umesukumwa hadi wapi. Foki ikigonga mwisho kila shimo, ongeza ugumu. Ikibakiza nafasi kubwa hata baada ya shimo baya kabisa, punguza. Kugonga mwisho mara moja moja si dosari. Pikipiki isiyo na skrubu hurekebishwa kwa mafuta ya foki: mazito huzuia zaidi, na yakiongezwa kimo, foki huwa ngumu karibu na mwisho wake.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujaribu katika njia ile ile, uandike katika daftari. Ukipotea, rudi kwenye kipimo cha kiwanda. Wala usiifungue shokomzoba ya nyuma mwenyewe, kwa kuwa nyingi zina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na pikipiki ikikabidhiwa askari mwingine, ipimwe upya. Kipimo cha mtu wa kilo 60 hakimfai wa kilo 90 mwenye simu ya upepo mgongoni. Kazi hii haichukui hata saa moja. Askari aliyeifanya atafika akiwa na nguvu za kutimiza alilotumwa, na wenzake wanaomngojea hawatangoja bure.