Mtoto Aliyepewa Jina la Nchi

Katika mji wa Gisenyi wa Rwanda, ambao nyumba zake zimepakana na nyumba za Goma ya Kongo hata mgeni asiyejua mpaka ulipo hudhani kuwa ni mji mmoja, jina la mtu halikai nyumbani. Maana wachuuzi wavukao kila asubuhi kwenye kizuizi kidogo, wenye karai za nyanya kichwani na watoto mgongoni, hutoa karatasi zao mbele ya afisa, naye hulisoma jina kwa sauti, na waliopanga foleni nyuma wakasikia. Mzazi amwitaye mwanawe Kenya, Afrika au Zaire yafaa akumbuke foleni hiyo.

Wako wazee wanaoiona ada hii kuwa upuuzi wa vijana ulioletwa na televisheni. Hawajasema kweli yote. Katika nasaba ya wafalme wa Rwanda, kama alivyoihifadhi Padri Alexis Kagame, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1981, Gihanga mwasisi wa ufalme anatajwa kuwa na wana ambao miongoni mwao ni Kanyarwanda, Kanyandorwa na Kanyabugesera, kila mmoja akibeba katika jina lake nchi nzima: Rwanda, Ndorwa ya kaskazini, na Bugesera ya kusini-mashariki. Iwapo wana hao waliishi kweli, au walitungwa baadaye ili nchi jirani zionekane ndugu wa baba mmoja, hilo ni la wanatarikh. Lililo dhahiri ni kwamba watu wa kale hawakuona ajabu mtu na nchi kushiriki jina.

Tena Mnyarwanda ana sababu ya kulipima jina kuliko wengi wetu, kwa kuwa kwa desturi yake mtoto harithi jina la baba, bali hupewa la kwake peke yake, hata katika nyumba moja baba, mama na watoto wakawa na majina yasiyofanana. Zamani siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani waliitwa, wakalimishwa kipande kidogo cha ardhi kwa mchezo, wakarudi wakala chakula kilichoandaliwa, kisha kila mmoja akataja jina analompendekezea mwenzao mpya, na mwisho baba akatoa la kwake. Jina hilo aghalabu lilisimulia hali ya nyumba: Mvuyekure ni mtu aliyetoka mbali, na pande hizi za ziwa Kivu, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, utawakuta akina Safari, Vita, Bahati na Riziki. Mji uliopitisha mamia ya maelfu ya wakimbizi kwenda Goma Julai 1994, kisha ukawapokea watu wa Goma walioukimbia moto wa volkano ya Nyiragongo Mei 2021, una visa vya kutosha vya kumfanya mzazi akumbuke nchi fulani kwa mema au kwa mabaya.

Lakini tusiyahesabu majina yasiyohusika. Israeli lilikuwa jina la Yakobo karne nyingi kabla ya dola ya mwaka 1948, na mashabiki wa mwimbaji Israel Mbonyi, toka Kigali hata Nairobi, hawafikirii ramani wanapomtaja. Na Asia wa Waislamu ni yule mke mwema wa Firauni, wala si bara.

Zaire ndilo jina lenye kisa kirefu hapa. Rais Mobutu wa Kongo aliitwika nchi yake jina hilo tarehe 27 Oktoba 1971, mwaka uliofuata akawaamuru raia waache majina yao ya Kikristo, naye mwenyewe akalitupa la Joseph-Désiré; na mwaka 1976 ni hapa Gisenyi Zaire ilipotia saini pamoja na Rwanda na Burundi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Mei 1997 jina likafutwa. Ajabu ni kwamba miaka 5 baadaye, huko Marekani, mchezaji wa mpira wa kikapu Dwyane Wade alimwita mwanawe Zaire. Wamarekani weusi, ambao utumwa uliwakata na akraba zao hata wasijue kijiji cha babu, wana haki ya kudai bara zima kuwa kwao, ndiyo maana wako pia akina Kenya, kama Kenya Moore aliyetwaa taji la urembo la nchi yao mwaka 1993. Fahari yao siibezi. Ila kwa mtu wa Gisenyi Zaire haikuwa ndoto. Ilikuwa askari, kodi, noti na muziki wa ng'ambo ya pili ya barabara.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: jina la nchi ya mbali halina madhara, la nchi jirani lina uzito. Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, kijana aitwaye Kongo upande huu, au Rwanda upande ule, ataulizwa rai yake juu ya vita kabla hajaulizwa anauza nini.

Tangu mwaka 2020 vizazi huandikishwa hospitalini na katika vituo vya afya, kwa hiyo karani huenda akaliuliza jina kabla ya siku ya nane kufika, mama angali kitandani. Wazazi na wapatane mapema. Na mtoto akikua asilipende, sheria ya Rwanda humruhusu kuomba libadilishwe.